Naomba ushauri: ngoma za miaka ya sitini za kupigia wazee

Wadau, nimeachiwa kazi ya kupanga muziki kwa sherehe ya babu huko Buruburu, anafikisha miaka 80 na ameshaonya hataki kusikia gengetone, hizi rap za vijana wa siku hizi, anataka ile saundi ya Nairobi ya ujana wake.

Helule Helule ya Daudi Kabaka iko ndani, hiyo haina mjadala, hata The Tremeloes wa Uingereza waliirudia 1968. Malaika ya Fadhili William pia, ingawa jamani hiyo si kila harusi inapigwa?

Sasa penye nimekwama ni hapa: twist ya Kabaka, ile mitindo ya kudensi ya enzi hizo, ina gita za umeme, besi inarukaruka, sauti mbili zinaimba pamoja, mtu hawezi kukaa. Lakini za George Mukabi ni gita kavu tu na chupa ya soda inakwaruzwa pembeni, tamu ajabu, ila nikizipanga baada ya twist zinazima moto wote. Niziweke mapema watu wakila ama nichanganye tu?

Na za nje je? Binamu anasukuma Beatles na Motown, mimi naona Franco na bendi yake ya OK Jazz kutoka Kongo ndio watainua hao wazee kwa viti.

Kingine, nyingi naona mtandaoni zimerekodiwa upya na kinanda cha miaka ya themanini, ladha imepotea kabisa. Wenye santuri za zamani pale Kenyatta Market, kuna mtu anaweza kunihamishia kwa flashi? Bei ni ngapi siku hizi?