Mafundi mnaopokea kazi ya makabati ya jikoni bila kuijua, mnatuharibia mbao zetu

Wakuu, salaam kwenu.

Nina hasira na sitaificha. Makabati ya jikoni kwetu hapa Tabata ni ya mninga mtupu, yalitengenezwa Keko enzi ambazo mninga ulikuwa bado unapatikana bila kuhangaika sana. Mbao zenyewe hazikuwa na kosa lolote. Hazijapinda, hazijaliwa na wadudu, milango inafunga vizuri. Kilichochoka ni vanishi tu: juu ya jiko imekuwa nyeusi na inanata, kando ya sinki imebanduka kwa maji, na pale mikono inaposhika kila siku imekwisha kabisa. Kazi iliyohitajika ni kutoa vanishi ya zamani, kusafisha, kupiga msasa na kupaka upya.

Sasa hivi mbao hizo zina ukungu mweupe uliogandia ndani ya vanishi, vishimo vya mviringo milango yote ya juu ya jiko, na alama za grenda zinazozunguka kila ubao. Fundi kachukua hela yake na simu hapokei.

Huyu bwana nililetewa na watu ninaowaheshimu. "Huyo fundi ni mzuri sana, alitupigia geti." Geti! Geti ni chuma, liko nje, halipikiwi maharage wala halikaangiwi samaki. Ninyi mnaopendekeza mafundi kwenye magrupu, tafadhali semeni fundi wenu alifanya kazi gani, juu ya kitu gani, na ina muda gani tangu aifanye. Kazi ya spre siku ya kwanza inang'aa hata ikiwa mbovu. Aibu yake inatoka baada ya miezi, mvuke wa sufuria ukishaipitia vya kutosha.

Alichokifanya nitakieleza hatua kwa hatua, kwa sababu hapo ndipo penye somo kwa anayetafuta fundi.

Kwanza, hakuosha. Alikuja na grenda yenye diski ya msasa akaanza kusaga moja kwa moja juu ya masizi na mafuta. Mlango wa kabati la jikoni umekaa na mvuke wa mafuta miaka na miaka. Ukianza na msasa kabla ya sabuni, unayasukuma yale mafuta ndani ya nyuzi za mbao, na yakishaingia huko kuyatoa ni shughuli. Inatakiwa uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kukata mafuta, usuuze, uache ikauke kabisa, ndipo ushike msasa. Kuna wanaofuta kwa tambara la tina, ile ya kuzimulia rangi, wakadhani wamemaliza. Tambara lenyewe likishachafuka linahamisha mafuta kutoka mlango huu kwenda ule. Vile vishimo vya mviringo vimetokana na hapo: vanishi ikitua penye mafuta inakimbia, haishiki.

Pili, hiyo grenda. Mninga unapigwa msasa kwa kufuata nyuzi, kwa mkono au kwa mashine ndogo ya kutetema, unaanza na namba 120 au karibu yake, unapanda 180, unamalizia 240. Grenda inazunguka na kukata nyuzi. Kwenye mbao kavu mikwaruzo huwezi kuiona vizuri, ila ukipaka klia, yaani vanishi isiyo na rangi, inajitokeza yote, tena ukiwasha taa jioni ndiyo kabisa. Na hapa mbao ilikuwa nene. Wenye makabati yaliyobandikwa vinia, ule utando mwembamba wa mbao juu ya bodi, mjihadhari mara mbili: vinia nyingi hazifiki unene wa milimita moja. Grenda ikipita mara moja tu umeshaona bodi ya chini, na hakuna wa kukurudishia.

Tatu, alipiga spre jioni ya mvua, mwezi wa nne, masika imekolea, Dar es Salaam hii. Sanding sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya klia) na klia wanazotumia mafundi wengi wa mtaani ni za nitroselulosi, zinakauka kwa tina kuruka haraka. Tina ikiruka inapoza uso wa mbao, na hewa ikiwa imejaa unyevu, maji yanaganda juu ya vanishi ambayo bado ni mbichi. Ule ukungu mweupe ndio huo. Fundi anayejua pwani anasubiri jua litoke, anapiga mchana hewa ikiwa kavu, au anatia tina ya kuchelewesha. Huyu alipoulizwa alijibu, "Itapotea yenyewe, mama, ikikauka." Haijapotea.

Nne, na hapa nusura nipige kelele mtaa mzima usikie: alipigia humo humo jikoni, mtungi wa gesi ukiwa umeunganishwa, na friji inawaka na kuzima. Tina ya nitroselulosi mvuke wake unashika moto upesi sana. Cheche moja ya swichi inatosha. Milango na droo zinafunguliwa, zinawekewa namba, zinapelekwa nje au karakana. Mafremu yanayobaki ukutani unaweza kuyapaka kwa brashi, au kwa spre baada ya kufunga gesi, kuzima umeme, kufungua madirisha na kutoa watoto. Fundi asiyefunga mtungi wa gesi kabla ya kufungua kopo la tina, mwambie aondoke siku hiyo hiyo. Anaweza kukuua.

Bawaba nazo hakuzifungua. Zimepigwa klia humo humo, sasa zinakwama.

Baada ya hapo nikaanza kuulizia mafundi wengine wa kurekebisha, na hapo ndipo nilipoelewa ugonjwa ulipo. Kazi hii haina mwenyewe. Seremala anajua kukata, kuunga na kufunga, na akimaliza kabati jipya anapaka sila juu ya mbao safi ambayo haijawahi kuona mafuta ya kupikia. Fundi rangi wa nyumba amezoea ukuta, roli na brashi pana. Fundi wa spre ya magari ana mkono mzuri wa bunduki ya spre na anajua kuchanganya hadina, ile dawa ya kukazia rangi, lakini bati halinywi unyevu wala halitanuki, mbao inafanya yote mawili. Kila mmoja ana kipande chake cha ujuzi, na kila mmoja ukimpigia anakujibu, "Hiyo kazi ndogo, bosi." VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanafundisha useremala na wanafundisha upakaji rangi, na wale waliojifunza mtaani wana utaratibu wa kupimwa ujuzi na kupewa cheti. Vizuri sana. Ila akikuonyesha cheti, soma ni cha fani gani. Kujenga kabati ni jambo moja, kufufua kabati lililopikiwa miaka kumi ni jambo jingine.

Hasira yangu kubwa iko kwa fundi anayejua moyoni kwamba hajui, halafu anapokea. Angesema tu, "Mama, hii sijawahi kufanya," ningemheshimu mpaka kesho, na mbao zangu zingekuwa salama.

Sasa kwa mnaotafuta fundi, msikilizeni anauliza nini kabla hajataja bei. Swali la kwanza kabisa linatakiwa liwe: juu ya mbao hii kuna nini sasa hivi? Hili swali ndilo linalowatenganisha. Vanishi mpya inakaa juu ya ile ya zamani au juu ya mbao, na zote mbili zina tabia zake. Ukipiga klia ya nitroselulosi juu ya rangi ya mafuta, tina yake kali inailegeza rangi ya chini na uso wote unakunjamana mbele ya macho yako. Fundi anayejua anachukua pamba yenye tina, anasugua nyuma ya mlango pasipoonekana. Ikilainika na kunata, ni vanishi ya nitroselulosi au jamaa zake. Isipotikisika, huenda ni ile ya makopo mawili iliyochanganywa na hadina, na hiyo lazima ikwaruzwe sawasawa ili mpya ipate pa kushika. Kipimo hicho ni cha dakika chache na kinahitaji pamba tu. Katika wote waliopita hapa kwangu, aliyekifanya ni mmoja, tena mzee, na akakataa kunipa bei ya simu mpaka aone milango kwa macho yake. Amejaa kazi kwa muda mrefu mbele. Sishangai.

Swali la pili: mbao gani hii? Mninga, mkongo, msaji, au MDF, ile bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi? Kama ni MDF iliyovikwa plastiki nyembamba kwa joto, kuipaka vanishi juu ya plastiki ile ni kutupa hela. Ama plastiki inatolewa yote, ama inatumika praima maalumu ya kushika kwenye plastiki. Na kama MDF imevimba chini ya sinki, hakuna fundi wa rangi wa kuirudisha ilivyokuwa, hicho kipande kinabadilishwa. Anayekuambia "tutapiga puti itanyooka" anakudanganya.

Swali la tatu: utapaka nini, na kwa nini hicho? Nitroselulosi ni rahisi, inakauka upesi, na ikiharibika inatengenezeka kirahisi, lakini haipendi joto, maji wala sabuni kali. Sebuleni sina neno nayo. Jikoni, karibu na jiko na sinki, unahitaji polyurethane ya makopo mawili. Hiyo ni ghali zaidi, ikishachanganywa ina saa chache tu za kutumika, na inahitaji kama wiki moja kukomaa kabisa hata kama mkononi inaonekana kavu kesho yake. Tena hadina yake ina kemikali za isosayaneti, ambazo zikivutwa zinaweza kumpa mtu pumu, kwa hiyo fundi anatakiwa angalau avae barakoa ya chujio la kemikali. Kitambaa puani hakizuii kitu. Asiyejilinda yeye mwenyewe hataijali nyumba yako. Na kama kabati ni la zamani lenye rangi ya mafuta, lile vumbi la msasa linaweza kuwa na madini ya risasi (ledi), na risasi hiyo inaharibu ubongo wa watoto wadogo. Msasa wa namna hiyo unapigwa kwa kulowesha, nje, na watoto wakae mbali.

Kisha mwambie apige mlango mmoja, tena ule mchafu wa juu ya jiko, siyo wa chumba cha stoo. Auache ukauke. Umwagie maji, uweke kikombe cha chai ya moto, ukwaruze pembeni kwa ukucha. Ukiridhika ndipo aendelee na mingine. Mlipe huo mlango mmoja hata kama hamtaendelea, ni jasho lake.

Kuhusu hela nitasema wazi: tenganisha hela ya vifaa na hela ya ufundi. Vifaa nendeni mkanunue wote wawili, risiti ibaki kwako, na makopo yafunguliwe mbele yako. Nilichokuja kugundua ni kwamba kopo la vanishi nililolilipia siyo lililotumika, lililokutwa nyuma ya nyumba ni la bei ya chini kabisa. Ufundi ulipwe kwa hatua: baada ya kuosha na msasa, baada ya kupaka, na kiasi kibaki mpaka vanishi ikomae na bawaba zirudi mahali pake.

Na wale wanaosema hatuna pa kwenda kwa sababu hatukuandikishiana: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, na ujumbe wa simu na miamala vinapokelewa kama ushahidi. Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza madai yanayotokana na mkataba. Mimi nimeshakusanya meseji zote, picha za kabla na baada, na rekodi za malipo, na barua ya kudai nimeshampelekea kupitia ofisi ya serikali ya mtaa. Jina lake sitaliweka hapa, suala litaenda kunakohusika.

Najua kuna watakaosema vunja yote weka MDF mpya, mambo ya mninga yamepitwa. Hapana. Mninga huu unakaa na unyevu wa pwani bila kupinda, unapigwa msasa tena na tena, na bado una miaka mingi mbele. Kuung'oa ili niweke bodi ambayo bomba la sinki likivuja mara moja inavimba, ati kwa sababu fundi mmoja kaukosea, sitafanya.

Kwa hiyo natafuta fundi wa kutoa uozo huu wote na kuanza upya mpaka kwenye mbao. Awe Dar, au Bagamoyo na Kibaha pia sawa. Nataka nione jiko alilolipiga zaidi ya mwaka mmoja uliopita, linalopikiwa kila siku, na mwenye nyumba akubali nifungue ule mlango wa juu ya jiko niuguse kwa mkono. Picha za simu msinitumie.