Mrejesho: kabureta ya Land Rover ya 1964

Wakuu, niliuliza kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) ipi inafaa Land Rover Series IIA ya 1964, petroli ya lita 2.25, nikitaka ibaki kama ilivyotoka kiwandani: Solex, Zenith au Weber. Nimebaki na Solex 40 PA10. Zenith 36 IV ilikuja yapata 1967, kwa hiyo hapa ingekuwa imeazimwa kwa mdogo wake. Weber 34 ICH inapatikana mpya na haisumbui, ila kiwanda cha Land Rover cha Solihull, Uingereza, hawakuifunga. Gari likiwa la kazi za shamba, fungeni Weber mlale.

Aliyesema nitikise kwanza ekseli ya klapu (kijiti kinachozungusha kibamba cha kupitishia hewa ndani ya kabureta) kabla ya kununua chochote, ubarikiwe. Ilikuwa inacheza, hewa inapenya pembeni, mchanganyiko unakosa petroli na sailensa (injini kuunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta) haishiki hata ukizungusha skrubu kutwa nzima. Fundi kachonga bushi za brasi, tukaweka gasketi na dayaframu mpya ya pampu. Sasa inatulia, ingawa asubuhi za baridi hapa Arusha bado inadai choki (kuzidishiwa petroli wakati wa kuwasha).

Kimebaki chujio cha hewa kile cha kuogea oili, kinachonasa vumbi kwenye oili. Changu kimeliwa na kutu. Mwenye nacho anishtue.