Naomba ushauri: mama anataka kuvuka Namanga, hana pasipoti

Habari zenu wakuu. Mama yangu yuko Arusha, anataka kwenda Nairobi kumuuguza mdogo wake aliyefanyiwa upasuaji. Ana kitambulisho cha NIDA tu. Jirani anamwambia kinatosha, eti sote ni Afrika Mashariki. Ninavyofahamu, safari za kitambulisho zilianzishwa na Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 2014, na Tanzania haikuwemo. Pasipoti itachelewa, na mgonjwa yuko peke yake.

Uhamiaji hutoa hati ya dharura ya safari. Je, ataipata palepale mpakani au aiombe kwanza mjini? Abebe nyaraka gani? Na kadi ya homa ya manjano, wanaiulizia akirudi? Ni mtu mzima, naogopa asije akarudishwa. Aliyepita hapo karibuni anisaidie tafadhali.