Nimekuta laini mbili nisizozijua kwenye namba yangu ya NIDA (kitambulisho cha taifa), naomba ushauri

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mwezi uliopita wakala wa laini aliniwekesha kidole mara tatu akidai mashine inagoma, na namba yangu ya NIDA akaiandika kwenye daftari lake. Juzi nimepiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yangu, nikakuta laini mbili si zangu. Dukani kwa mtandao wamenijibu nianze polisi. Wakala mwenyewe kahama kibanda. Kinachoninyima usingizi ni kidole. Namba ya siri hubadilishwa, kidole je?

Nizifute laini hizo sasa hivi, au nitapoteza ushahidi? Na kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, malalamiko napeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi moja kwa moja au lazima nianzie kwenye kampuni?