Naomba ushauri: mtoto aliyeungua, wapi pa kukaa baada ya upasuaji?

Habarini wakuu. Mpwa wangu, miaka sita, aliungua mguu kwa maji ya moto. Kidonda kimepona lakini kovu limevuta goti, mguu haunyooki. Daktari anashauri upasuaji, kisha mazoezi ya viungo na kufunga banzi usiku kwa miezi. Nyumbani ni Simanjiro ndani kabisa. Hiyo fiziotherapia ya kila siku ataipata wapi?

Nimeelekezwa Plaster House, Arusha, wanakohudumia watoto kabla na baada ya upasuaji. Aliyewahi kumpeleka mtoto: mzazi anaruhusiwa kulala naye? Masomo yanaendelea? Gharama mlizimuduje? Au nijaribu hospitali ya CCBRT, Dar, ingawa huko hatuna ndugu?

Wa kumwombea tu, asanteni, ila nahitaji uzoefu zaidi.