Mzee ana melanoma (kansa ya ngozi) ya unyayo, shemeji anataka kututumia vidonge vya BRAF. Tuuze shamba?

Mangi Mdogo aliandika:

Habari za usiku wakuu. Humu nimekuwa msomaji wa kimya kimya miaka mingi, leo yamenifika.

Mzee wangu ana miaka 67, mkulima wa kahawa na migomba huku Rombo. Mwaka juzi alitokewa na doa jeusi chini ya kisigino cha kulia, akasema ni mwiba. Mama akawa anafungua vile vidonge vya rangi mbili na kumnyunyizia ule unga. Wiki hii kidonda kinakauka, wiki ijayo kinatoa maji. Zahanati wamekisafisha miezi kadhaa wakidhani ni kisukari, na sukari yake haijawahi kupanda hata siku moja. Alipoanza kuchechemea na kutokwa na mtoki ndipo daktari mmoja kijana akachukua kinyama akapeleka maabara.

Majibu: melanoma, kina chake milimita 3.4, na juu pamechimbika. Daktari wa upasuaji anataka kukata eneo lote, kuziba kwa ngozi ya paja, na kuangalia tezi za kinenani. Hapo ukoo ukagawanyika. Baba mdogo anasema kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Shemeji yangu aliyeko Muscat amesoma mtandaoni kuwa melanoma ina vidonge vya BRAF, na anayo njia ya kuvipata kutoka India, ila tuuze kipande cha shamba la chini.

Jumapili tuna kikao. Hiyo BRAF ni kitu gani hasa? Na inawezekana mzee akameza vidonge asikatwe?

Kijiwe Nongwa:

Pole sana mkuu. Hii si ndiyo iliyomuua Bob Marley? Kidole gumba cha mguu, watu wakidhani ni jeraha la mpira. Alishauriwa kidole kikatwe akakataa, 1981 akafia Miami na miaka 36 tu.

Mtu wa Miti:

Baba mdogo yuko sahihi. Nimeona watatu kijijini kwetu, wote walikuwa wanatembea, wamekatwa, mwaka haukuisha. Kuna mizizi ya kuchoma kidonda taratibu, kinadondoka chenyewe. Njoo PM.

Dada Darubini:

Mangi, pole na kuuguza. Nafanya kazi maabara ya patholojia, kutwa nzima niko na vioo na darubini, kwa hiyo la BRAF niachie.

Seli ya rangi ya ngozi haijiamulii kugawanyika. Agizo linatoka nje na linapokezanwa hadi kwenye kiini, kama wanakijiji waliojipanga mstari kuzima moto kwa ndoo. Wapokezanaji ni protini: KIT anapokea mlangoni, anampa RAS, RAS anampa BRAF, BRAF anampa MEK, MEK anampa ERK, ndoo inafika ndani. Asipoletewa ndoo, BRAF anakaa kimya. Sasa inatokea herufi moja ya DNA inakosewa kwenye jeni yake, na kwenye nafasi ya 600 ya protini, palipokuwa na kipande kiitwacho valini panakaa kingine, asidi ya glutamiki. Ndiyo hiyo mnayoiona ikiandikwa V600E. BRAF wa hivyo anapitisha ndoo usiku na mchana, hajaletewa na mtu. Kosa hili lilijulikana 2002, na dawa ya kwanza ya kumfunga mikono, vemurafenibu, ikaruhusiwa Marekani 2011. Kwa mwenye kosa hilo ni dawa kweli, uvimbe unaweza kunywea ndani ya wiki chache, ingawa kwa wengi hurudi baadaye.

Ila shemeji amesoma habari za Wazungu. Melanoma zao za ngozi, karibu nusu zina BRAF mbovu. Hizi za nyayo, viganja na chini ya kucha, ambazo ndizo zinazotupata zaidi sisi weusi, ni moja au mbili katika kumi. Chanzo chake si jua, na hata uharibifu wake ni wa namna nyingine: vipande vizima vya kromosomu vinakatika au vinajinakili mara nyingi. Chache zina kosa kwa KIT, yule wa mlangoni, na baadhi ya hao husaidiwa na imatinibu, dawa ile ile ya kansa ya damu.

Na hapa ndipo naogopa. Mtu ambaye BRAF wake ni mzima akimeza hivyo vidonge, si hasara ya shamba tu. Dawa ikimshika BRAF mzima, mwenzake aliyeungana naye anaamka, na ndoo zinapita kwa kasi kuliko mwanzo. Yaani unaweza kuisukuma kansa mbele kwa pesa yako mwenyewe. Hata waliostahili kuitumia, walipopewa peke yake, baadhi waliota kansa nyingine ndogo ndogo za ngozi kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana siku hizi inatolewa pamoja na ya kumzuia MEK.

Kwa hiyo msinunue kitu kabla ya kipimo. Na mzee hahitaji kukatwa upya kwa ajili ya kipimo, kile kinyama cha kwanza bado kipo maabara kimegandishwa kwenye nta. Ulizeni wapime BRAF, NRAS (mmoja wa akina RAS) na KIT kwa mpigo.

Kofia Pana:

@Mtu wa Miti, hayo ya kisu niachie mimi. Nina ualbino, nimekatwa mara nne, mbili sikioni, moja shingoni, moja mdomoni. Mwaka wa kumi na moja huu bado nakula ugali. Hao watatu wako walikatwa wakiwa wameshachelewa, kansa ilishatembea kabla ya kisu. Rafiki yangu aliyechomwa kwa mizizi, juu palifunga pakapendeza, chini ikawa inaendelea kula mpaka mfupa wa shavu.

Mangi, yangu ni aina tofauti na ya mzee, yangu ni ya jua. Mwanga wa jua unaunganisha herufi za DNA zilizo jirani, na sisi hatuna melanini ya kutukinga. Mimi nahitaji kofia na yale mafuta ya Kilisun yanayotengenezwa hapo hapo Moshi kwenu. Mzee wako hata angevaa kofia miaka 67 isingemsaidia kisigino. Asijilaumu, na msimlaumu mama na rangi mbili zake.

Mangi Mdogo:

Aisee. Hapo kwa mama umenigusa, amekuwa hapati usingizi.

Dada Darubini, BRAF isipokutwa je? Ndiyo basi?

Dada Darubini:

Siyo basi. Dawa kubwa ya melanoma, iwe na BRAF mbovu au isiwe nayo, ni kisu, na kwa kina cha zaidi ya milimita 2 hukatwa pembeni kama sentimita 2 za ngozi nzima. Usishangae kidonda kikiwa kikubwa kuliko ulivyotegemea. Huo mtoki nao usibaki wa kukisia, uchomwe sindano waone kama seli zimefika.

Baada ya hapo kuna dripu za kuamsha askari wa mwili. Seli za kinga zina breki iitwayo PD-1, na kansa imejifunza kuikanyaga. Pembrolizumabu na nivolumabu zinaondoa huo mguu kwenye breki, zote ziliruhusiwa Marekani 2014. Waliogundua mambo haya ya breki, Allison na Honjo, walipewa Nobel 2018. Kwa melanoma ya unyayo haziitiki vizuri kama ile ya jua, na kinga iliyofunguliwa breki inaweza kushambulia utumbo, ini au tezi ya shingo. Bei yake ni kubwa kweli kweli. Kama kuna shamba la kuuza, lisubiri mpaka daktari wa saratani aseme lina kazi gani.

Mangi Mdogo:

Mrejesho wakuu. Kikao kilianza saa nane kikaisha usiku. Niliwasomea uzi huu neno kwa neno, ya ndoo wazee waliielewa haraka kuliko mimi. Baba mdogo hakukubali ila alinyamaza, na kwa ukoo wetu hiyo ni kura ya ndiyo. Shemeji kanuna kidogo. Shamba lipo. Mzee anakatwa Jumanne.

Swali la mwisho. Maabara wamekubali kunikabidhi ile nta niipeleke Dar mwenyewe. Inabebwaje? Barafu?

Dada Darubini:

Barafu ya nini, hiyo si samaki. Bahasha ngumu tu, pamoja na nakala ya majibu, na uhakikishe namba iliyoandikwa kwenye nta inafanana na ya kwenye karatasi. Ukae nayo mkononi. Usiiweke juu ya dashibodi juani, italainika.