Tupeane uzoefu: wale ndege weusi wa mdomo mwekundu wanaotembea kwa kundi, msitu wa Amani, Tanga

MwanaMuheza
Wadau, habari za asubuhi. Juzi nilimpandisha shemeji yangu hadi msitu wa Amani, mtu wa Dodoma huyo, hajawahi kuona msitu unaoziba jua. Tumepita lango la Sigi tu, huko juu ya miti tukasikia zogo kama abiria wanaodai chenji, na katikati yake ta-ta-ta, midomo inagonganishwa. Ndege saba. Weusi, mgongo wa kahawia, ncha za mkia nyeupe. Mdomo, miguu na kigozi kinachozunguka jicho ni vyekundu haswa. Mmoja akaruka, wengine wakamfuata mmoja mmoja, mti ukabaki mtupu. Kwa Kilatini ni Prionops retzii. Nani mwingine kawaona?

Mtembeza_Wageni
Mimi wamenitia aibu. Nimewaahidi wageni, tumekodoa macho mbele saa nzima, kumbe kundi linakula viwavi nyuma yetu. Siku hizi nasimama kimya, nasikiliza. Ukimwona ndege aitwaye mramba anahangaika kwenye matawi, subiri, mara nyingi huwa wako jirani. Halafu angalia vizuri: wapo na ndugu zao wadogo, wa kijivu, paji la uso lina manyoya ya hudhurungi yaliyosimama kama brashi ya viatu. Hao ni Prionops scopifrons, wa misitu ya huku kwetu pwani.

Mama_Iliki
Shamba letu la iliki tuliliachia miti mikubwa. Mwaka juzi walijenga tawini, kikombe kidogo kimefungwa kwa utando wa buibui, ukitazama chini unadhani ni nundu ya mti. Nikawa nawachungulia nikichuma. Huyu anatoka kuatamia, yule anaingia, wala mayai hayajapoa. Nilihesabu wanne wanaopokezana, nikadhani wake wenza! Kumbe mke na mume ni wawili tu, waliobaki ni wasaidizi. Kwangu mimi kuosha sufuria tu watoto wanakimbiana.
Ila kilichonishangaza, mwishoni niliona kinda mmoja, kichwa cheupeupe, hafanani na yeyote, na wote wanne wanamlisha.

Mtembeza_Wageni
Mama, shikamoo. Hapo mlitapeliwa wote. Yuko ndege wa ukoo wa kekeo, Pachycoccyx audeberti, mgongo wa kijivu, tumbo jeupe. Hutaga kwenye viota vya hawa hawa, kisha anaondoka zake. Ulezi ni wa kundi zima.

Mama_Iliki
Marahaba. Lo! Na viwavi vyote vile!

Kijana_wa_Zamani
Utotoni nilimpiga mmoja kwa manati. Nilitegemea wenzake watatoroka. Wakashuka, wakakaa tawi la chini karibu na kichwa changu, wakanigongea midomo mpaka nikakimbia mimi. Manati sikuiacha lakini, niligeukia njiwa.

MwanaMuheza
Shemeji kasoma yote, anauliza tunapanda tena lini. Nauli safari hii anatoa yeye.